Mzee Kleppe Bado Anapakia

Hebu mtazame akija, msomaji wangu. Ni asubuhi, jua la Arizona limeshaanza kuuma, na kwenye geti la mtaa uitwao Bonde la Kware inatokea pua ya gari pana karibu sawa na geti lenyewe. Juu kabisa, nyuma ya kioo kama cha dirisha la duka, amekaa mzee mwembamba mwenye kofia, mikono yote miwili kwenye usukani, shingo kaitoa kama kobe anayechungulia kama mvua imekatika. Huyo ndiye Vernon Kleppe. Mbele ya gari anatembea kinyumenyume mkewe, Ardis, mfupi, kibonge kidogo, kavaa ndala, anapunga mikono kama anaongoza ndege kutua.

"Njoo! Njoo! Haya, njoo tu... Simama! Vern, nimesema simama!"

Vern alikanyaga breki, lakini uzito haujui neno simama. Gari lilisogea kidogo tu, kwa adabu zake, likaliegemea sanduku la barua la jirani, nalo sanduku likajilaza chini kwenye kokoto bila kelele.

Jirani mwenyewe, Chuy Arvizu, fundi wa viyoyozi, alitoka nje na kikombe cha kahawa mkononi. Akalitazama sanduku. Akamtazama dereva.

"Mzee Vern," akasema, "umepeleka barua maisha yako yote, leo ndiyo umeamua kulipiza kisasi?"

Maana, na hili ndilo lililomuuma Vernon kuliko kulipa sanduku jipya, yeye alikuwa mtu wa posta. Huko Minnesota walikotoka, katika mji mdogo wenye baridi ya kuvunja mawe, alipeleka barua kwa miguu tangu akiwa kijana hadi alipostaafu, na njia yake haikubadilika. Alijua mlango upi una mbwa mkali na upi una mbwa mwenye kelele tu. Alijua nani anangoja barua ya mtoto aliye jeshini. Kila jioni alirudi kwake, akavua viatu mahali palepale, akalala kitanda kilekile. Ukimwambia Vernon kwamba kuna watu hulala leo hapa kesho kule kwa kupenda, alikuwa anatikisa kichwa kama unamsimulia habari za majini.

Lakini mwanamume huropoka ahadi akiwa na furaha. Siku ya harusi ya binti yao alikuwa na furaha sana, akamshika Ardis kiuno mbele ya watu na kusema, "Mke wangu, nikistaafu tu, nakununulia nyumba yenye magurudumu. Nakupeleka kwa dada yako kwa barabara, polepole, tukilala tunapotaka."

Watu wakapiga makofi. Ardis hakupiga makofi. Aliitia ile ahadi moyoni akaifunga.

Dada mwenyewe ni Lavonne, mkubwa wake, aliyeolewa Oregon miaka mingi na sasa ni mjane, nyumba yake imekaa juu ya mwamba, ukiosha vyombo unaiona bahari. Ardis hapandi ndege. Alipanda mara moja, masikio yakamuuma mpaka akadhani kichwa kinapasuka, akaapa. Lavonne naye magoti yamekataa safari. Basi ndugu wawili hawa hawajaonana uso kwa uso tangu walipomzika mama yao. Wanaonana kwenye simu, kila Jumapili, wakigombana kuhusu namna ya kuoka mkate.

Vernon alistaafu. Wakahamia Arizona kwa ajili ya mifupa. Gari likanunuliwa. Na hapo ndipo chama cha wenye nyumba kilipoingia.

Bonde la Kware ni mtaa uliozungushiwa ukuta, nyumba zote rangi ya mchanga, na usidhani ni kwa bahati. Chama ndicho kinachochagua rangi. Chama kinasema pipa la taka lionekane lini na lifichwe lini. Chama kinasema mdungusi wako urefuke kiasi gani kabla ya kuonekana mtovu wa nidhamu. Chuy, kwa kuwa gari lake la kazi limeandikwa jina la kampuni ubavuni, kila jioni hulifunika turubai kama maiti. Na kuhusu magari ya kulala, kanuni ilikuwa fupi: lisikae mbele ya nyumba, ila kwa kupakia na kupakua mizigo, na hata hapo lisizidi siku mbili.

"Lipeleke kule uwanjani, pembeni ya barabara kuu," Chuy alimshauri. "Wote wanapeleka kule."

"Kule kuna panya wa jangwani," Vernon alisema. "Wanatafuna nyaya. Jua linapasua matairi. Gari langu halilali nje na panya."

"Basi safiri nalo, mzee."

"Nitasafiri. Kwanza napakia."

Msomaji, hapo ndipo ilipoanza kazi ya kupakia. Sijapata kuona kazi iliyofanywa kwa bidii namna ile na isiyokwisha namna ile. Kila asubuhi, kabla zege halijapata moto, Vernon alitoka na boksi, akalipandisha garini. Jioni akalishusha. Boksi lilikuwa la mapambo ya Krismasi. Siku nyingine alibeba sufuria. Siku nyingine alipandisha kiti cha kukunja, akakishusha, akakifuta vumbi, akakipandisha tena, akiwa na uso wa mtu anayewahi forodhani. Siku mbili zikiisha alilitoa gari mpaka kwenye maegesho ya soko kubwa la vyakula, hapo karibu tu, akaliacha lilale, yeye akarudishwa na Chuy. Asubuhi akalifuata, na kupakia kukaanza upya, kwa sheria.

Mwenyekiti wa chama alikuwa Bi Corinne Bascom, mama mmoja mrefu, nywele zimesimama vizuri hata kwenye upepo. Alizunguka mtaa kwa kigari cha gofu, simu mkononi, akipiga picha makosa. Usimchukie haraka. Kabla ya kuhamia Bonde la Kware aliishi miaka mingi jirani na mtu aliyefuga magari mabovu uani, na ndani ya magari wakazaana nyoka. Mtu aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo, na Bi Corinne akiona tairi kubwa alishtuka.

"Habari za asubuhi, Bwana Kleppe," alisema akisimamisha kigari.

"Nzuri, Bi Corinne. Jua hilo tu linatuonea."

"Naona bado unapakia."

"Bado, mama. Safari si jambo la pupa."

"Hilo boksi nililipiga picha juzi likiingia."

"Ndiyo. Jana lilitoka. Leo linaingia."

"Na kesho?"

"Kesho ni ya Mungu, mama."

Kutoka upande wa pili wa barabara sauti ya Chuy ikaja: "Bi Corinne, mwache! Nuhu naye walimcheka hivihivi!"

"Nuhu alipakia, akaondoka," alisema Bi Corinne, akakanyaga mafuta. Kigari kikaenda zake kikilia *wiii*, na Vernon akabaki na boksi la Krismasi kifuani, anatafuta jibu. Alilipata wakati wa chakula cha mchana, lakini wakati huo hakukuwa na wa kumjibu isipokuwa Ardis.

Ardis alikuwa na jambo jingine. Jumapili ile Lavonne alipiga simu, na kama kawaida alianza na matusi ya mapenzi.

"Hilo gari lenu limeota mizizi? Mnalimwagilia maji?"

"Tunakuja, dada. Vern anamalizana na chama."

"Ardis, sikiliza. Nimeuza nyumba. Ngazi zimenishinda. Vuli nahamia kule kwenye nyumba ya wazee, chumba kimoja, dirisha linatazama maegesho. Nataka uje kabla. Nataka tukae jikoni kwangu, wewe na mimi, tuitazame bahari tunywe kahawa. Baadaye njoo hata kila mwezi, lakini jikoni pale hapatakuwepo."

Ardis alikata simu. Vernon alikuwa mlangoni, amesikia yote.

"Tutakwenda," alisema. "Naapa, Ardis. Kwanza nimalize hili la mtaa."

"Vuli hiyo hapo, Vern."

"Siwezi kuondoka sasa. Nikiondoka watasema nimekimbia."

Maana siku hiyohiyo barua ya onyo ilikuwa imebandikwa mlangoni, na Vernon alikwisha kuamua kuibadili kanuni yenyewe. Katiba ya chama inaruhusu. Mwenye nyumba yeyote akileta pendekezo, theluthi mbili za nyumba zikikubali, kanuni inabadilika. Pendekezo la Vernon lilikuwa la kiungwana kabisa: gari la kulala likae ubavuni mwa nyumba, nyuma ya kiambaza, lisiwaudhi wapita njia.

Basi ungemwona! Yule mzee wa kubeba boksi alitoweka, akarudi mtu wa posta. Alivaa viatu vya kutembelea, akapita mlango kwa mlango. Wiki moja haikuisha alijua mbwa wote. Aliwajua wajane wote na dawa wanazokunywa. Alikula keki ya ndizi kwa huyu, tamale za unga wa mahindi kwa mama yake Chuy, supu ya makopo kwa yule profesa mstaafu asiyejua kupika, na kila alipotoka alitoka na ahadi. Jioni alirudi amepigwa na jua, mwekundu kama nyanya, anacheka peke yake.

"Hata yule bwana wa nyumba ya kona amekubali," alimwambia Ardis akivua viatu. "Anasema hajawahi kuzungumza na jirani tangu ahamie. Tumezungumza mpaka jua limekuchwa!"

"Vizuri."

"Unajua, Ardis, hawa watu ni wazuri sana."

"Najua." Alikuwa anakunja sweta, ile nzito ya baridi ya pwani, akaiweka juu ya sanduku la nguo lililokuwa wazi chini ya kitanda tangu kiangazi kianze. "Lavonne kaniuliza tunafika lini."

"Mkutano ukiisha tu."

Ardis alimtazama kwa muda. Alikuwa hajamwona mumewe na furaha vile tangu aache mfuko wa posta. Akaona pia kwamba mkutano ukiisha Vernon atatafuta mkutano mwingine.

Karatasi za kura zililetwa nyumba kwa nyumba. Nyumba moja, kura moja, hata kama wanakaa watu kumi, na yeyote ambaye jina lake limo kwenye hati ya nyumba anaweza kuijaza. Vernon alikuwa mbioni kuwakumbusha wengine kujaza zao. Yao aliiacha mezani. "Itumbukize wewe ukipita," alimwambia mkewe, akatoka. Ardis akavaa miwani, akajaza, akaitumbukiza.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi ulio kando ya bwawa la kuogelea, kiyoyozi kinanguruma, sharubati ya ndimu imepangwa mezani. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani, jambo lisilotokea tangu kesi ya rangi ya mapipa. Vernon alikaa mstari wa mbele na shati lililopigwa pasi. Ardis alikaa ubavuni mwake, mkoba mapajani.

Bi Corinne alihesabu kura, Chuy akisimama karibu kuwa shahidi wa upande wa Vernon. Walihesabu mara ya kwanza. Chuy akanong'ona kitu. Wakahesabu tena.

"Ndugu wenye nyumba," alisema Bi Corinne, na kwa kweli sauti yake haikuwa na kiburi. "Pendekezo la Bwana Kleppe limepungukiwa na kura moja. Halikupita."

Vernon alikuwa amehesabu vidoleni kabla ya kulala, nyumba kwa nyumba, na hesabu yake ilikuwa inatosha barabara. Alisimama polepole, akageuka kuwatazama watu.

"Haiwezekani," alisema. "Kuna mtu hapa. Kuna mtu amenipa mkono, amenitazama machoni, ameniambia 'Vern, usijali', halafu..."

Profesa alichungulia bilauri yake ya sharubati. Bwana wa nyumba ya kona alitikisa kichwa kwa nguvu, kuonyesha kwamba si yeye.

"Vern," alisema Ardis kwa sauti ndogo. "Kaa chini."

"Sikai! Namtaka ajitokeze. Kama ni mtu mzima, ajitokeze!"

"Ameshajitokeza," alisema Ardis. "Ndiye anayekwambia ukae chini."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha Chuy akaivuta kofia kufunika uso, mabega yakaanza kutikisika, na kicheko kikapita ukumbini mstari kwa mstari, mpaka kilipofika kwa Vernon kikaona uso wake kikazimika.

"Wewe?" alisema Vernon.

"Kura ni ya nyumba. Jina langu limo."

"Lakini Ardis, ni gari letu!"

"Ni gari letu, ndiyo. Nimelipikia, nimelifagia, nimelipamba mapazia. Nimewahi kusafiri nalo mpaka soko la vyakula, nikanunua vitunguu, nikarudi." Hakupaza sauti. "Wakikuruhusu kuliweka ubavuni, Vern, tutazeeka tukilitazama dirishani. Mimi nataka kumwona dada yangu."

Bi Corinne alikuwa ameshinda, lakini alionekana kama mtu aliyejikuta katikati ya ugomvi wa nyumba isiyo yake. Alikohoa. Alisema kanuni inataka gari liondoke kesho, ila yeye kesho anaosha kigari chake na hatapita na simu, kwa hiyo kesho kutwa haitakuwa mbaya. Katika maisha yake ya uenyekiti huo ndio upendeleo mkubwa kuliko wote aliowahi kuutoa.

Vernon alikwenda kukaa ndani ya gari, kwenye kiti cha dereva, mlango kaufunga. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya milima na kokoto zimekuwa za rangi ya chungwa. Alikasirika kwanza, kwa haki yake. Akapanga maneno makali, akayapanga upya, na kila alipoyapanga yalimalizikia kwenye swali lilelile alilolikimbia tangu siku ile ya kuliangusha sanduku la barua: unaogopa nini, Vern?

Aliliogopa gari. Haya, ndiyo. Lilikuwa refu mno na mkia wake hauonekani. Lakini zaidi ya gari aliogopa barabara ile ya Oregon ambako hakuna mbwa hata mmoja anayemjua. Kwenye njia yake, huko Minnesota, alikuwa Vern. Hapa Bonde la Kware, baada ya wiki zile za milangoni, alikuwa Vern tena. Huko nje angekuwa mzee mmoja mwenye gari kubwa anayewachelewesha watu.

Chuy alikuja akagonga kioo. Vernon akakifungua kidogo.

"Nimekuletea vioo vya pembeni, vikubwa, vya lori," alisema Chuy. "Vilikuwa gereji kwangu. Nivifunge?"

"Umekuja kunicheka."

"Nilishacheka ukumbini, mzee wangu, nimeshiba. Sasa nimekuja kufunga vioo. Ukiwa na hivi unaona mpaka mkia. Nami kesho nakaa nawe barabarani nikufundishe kona, maana gari refu unapinda umechelewa, si umewahi. Mwanamke amekupigia kura ya hapana mbele ya mtaa mzima, unadhani ni kwa sababu hakutaki? Mimi mke wangu akitaka yeye aende mimi nikae nyumbani, ndipo ninapoogopa."

Vernon alishuka akamshikia tochi.

Siku ya pili Ardis alifanya kazi ambayo haikuwahi kufanywa katika gari lile: alipakia. Mapambo ya Krismasi aliyarudisha gereji. Akaingiza nguo, dawa, blanketi, chupa ya jamu ya matunda ya mwituni ambayo Lavonne atasema ina sukari nyingi. Vernon na Chuy walikwenda wakarudi, wakaenda wakarudi, kwenye barabara ya nyuma, mpaka shati la Vernon likamganda mgongoni. Mume na mke walisemezana siku nzima, lakini ni maneno ya "shika hapa" na "lete ile".

Asubuhi yake wakatoka. Watu wa milango aliyoipita Vernon walikuja na makoti ya kulalia kuwaaga. Getini Vernon alipinda kwa kuchelewa, kama alivyofundishwa, na mkia ukapita bila kugusa kitu.

Walikwenda saa nzima. Jangwa lilipita kushoto na kulia. Malori yaliwapita, moja likapiga honi, Vernon akapiga yake pia, akashtuka mwenyewe kwa sauti yake. Ardis aliona pembe ya mdomo wa mumewe inataka kucheka na inajizuia.

"Nataka kukuuliza kitu," alisema Vernon mwishowe, macho barabarani.

"Uliza."

"Mbele ya watu wote, Ardis. Mbele ya Corinne. Kwa nini hukuniambia nyumbani, tukiwa wawili, kabla hujaitumbukiza ile karatasi?"

Ardis alifungua chupa ya kahawa, akammiminia, akaipoza kwa kuipuliza kama alivyomfanyia tangu wakiwa vijana, akampa.

"Ningekuambia," alisema, "ungefanya nini?"

Vernon alipokea kikombe. Akanywa. Barabara ilikuwa imenyooka, haina kona ya kumpa kisingizio. Alifikiri maili nyingi, na mpaka wanavuka mpaka wa jimbo alikuwa hajajibu.

Nawe uliyemfuata tangu getini, unayemjua sasa: kama angeambiwa nyumbani, tena kwa upole, angefanya nini?